Shahidi Si Hakimu

Imeingia katika vyuo vikuu desturi moja ambayo wengi wenu mnaosoma kitabu hiki mtaikuta, maana haitapita miaka mingi kabla hamjaketi katika madarasa hayo. Muhula unapokaribia kwisha, kila mwanafunzi hupewa maswali ya kujibu juu ya mwalimu wake. Je, mwalimu alieleweka? Je, somo lilipendeza? Je, ungemshauri mwenzako alichukue somo hili mwaka ujao? Mwanafunzi hutia alama, moja hadi tano, mithili ya mtu anayebonyeza maembe sokoni, kisha huongeza maneno mawili matatu ya sifa au ya lawama, pasipo kutia jina lake. Majibu hukusanywa, hesabu hufanywa, na mwalimu hupewa namba. Namba hiyo yaweza kumpandisha cheo, nayo yaweza kumnyima.

Mimi nasema kwamba namba hiyo ikitumiwa hivyo ni dhuluma, na anayedhulumiwa kwanza si mwalimu bali ni mwanafunzi mwenyewe. Najua nitaambiwa kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, kwa kuwa mimi pia nala mkate wa ualimu. Na iwe hivyo. Hoja haiharibiki kwa sababu ya kinywa kilichoitamka. Nawaomba mpime hoja yenyewe, na mkiiona nyepesi mwitupe.

Ili tusizungumze hewani, nachagua somo moja linalofundishwa katika vyuo vikuu vingi, yaani historia ya sayansi. Somo hili si fizikia, wala si kemia, wala si historia ya wafalme na vita. Ni habari za jinsi wanadamu walivyofikia kuyajua wayajuayo: walivyobahatisha, walivyokosea, walivyoshindana, na jinsi waliokuwa na akili nyingi walivyoamini kwa muda mrefu mambo ambayo leo mtoto wa darasa la sita huyakanusha. Ni somo lisilo na kwao. Mwanafunzi wa sayansi hulichukua akanung'unika kwamba hakuja chuoni kusikiliza ngano za wafu. Mwanafunzi wa fasihi hulichukua akanung'unika kwamba limejaa hesabu na sayari. Mmoja ataandika kwamba profesa ni bahari ya elimu, na mwenzake aliyeketi naye bega kwa bega ataandika kwamba profesa ni msemaji asiyejua kufika mwisho wa sentensi. Wa tatu atalalamika kwamba hakupewa muhtasari wa kukariri. Wa nne atasema vitabu vya kusoma vilikuwa vingi kupita kiasi. Na wa tano, ambaye ndiye ninayemwogopa kuliko hao wengine, ataandika kwa furaha: somo zuri sana, mtihani rahisi.

Hapana mwongo kati ya watu hao watano. Aliyechoshwa alichoshwa kweli, na aliyefurahi alifurahi kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninalouliza ni hili: maneno yao yanathibitisha nini? Yanathibitisha yaliyowapata walipokuwa wameketi. Hayathibitishi walichokipata, seuze thamani ya kitu hicho. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kisa cha insha hii yote.

Watu wa zamani waliijua. Katika mji wa Bologna, nchini Italia, mojawapo ya vyuo vikuu vikongwe kabisa vya Ulaya, wanafunzi ndio waliokuwa mabwana wa maprofesa. Walikuwa watu wazima, wengi wao wageni waliotoka mbali kusoma sheria, nao waliungana wakaweka masharti. Sheria zao za mwaka wa 1317 zinasomeka leo kama kisasi cha kila mwanafunzi aliyepata kusinzia darasani. Profesa hakuruhusiwa kukosa hata siku moja bila idhini. Akitaka kutoka mjini aliweka rehani ya fedha ili ijulikane kwamba atarudi. Kengele ikilia alipaswa kuanza, na kengele ya pili ikilia alipaswa kunyamaza. Hakuruhusiwa kuruka sura ya kitabu, wala kuliahirisha jambo gumu mpaka mwisho wa saa ili wakati umwokoe. Na siku aliposhindwa kupata wasikilizaji watano alitozwa faini kana kwamba hakufika kazini.

Utadhani hapo mwanafunzi alikuwa mfalme kamili. Sivyo. Mabwana hao waliotoza faini hawakuwa na sauti katika jambo moja: nani anajua sheria na nani hajui. Kumtahini mtu na kumpa shahada kulikuwa mikononi mwa chama cha wenye elimu wenyewe. Mwanafunzi wa Bologna alisimamia saa, kitabu na mahudhurio, yaani vitu anavyoviona kila mwenye macho. Hakujifanya mjuzi wa kile alichokuja kujifunza. Sisi, baada ya karne 7, tumeyageuza. Ni mara ngapi mwanafunzi wa leo huulizwa kwa dhati kama mwalimu alifika kwa wakati, na kama akisema hakufika kuna litakalotendeka? Lakini huulizwa kama somo lilikuwa na faida, jambo ambalo hana njia ya kulijua mpaka miaka ipite.

Sasa niwatolee mfano wa mwanafunzi aliyetoa maoni juu ya maprofesa wake, nami sijui maoni yaliyo bora kuliko hayo. Mwaka wa 1877 kijana mmoja wa Kijerumani, jina lake Max Planck, mwenye umri wa miaka 19, alitoka Munich akaenda Berlin kusoma fizikia kwa mwaka mmoja. Huko walikuwako maprofesa wawili ambao sifa zao zilikuwa zimeenea duniani, Hermann Helmholtz na Gustav Kirchhoff. Planck alipokuwa mzee aliandika kitabu kidogo cha habari za maisha yake, kikatolewa mwaka wa 1948, baada ya kufa kwake. Humo hakuficha kitu. Helmholtz, asema, ilikuwa dhahiri kwamba hakuitayarisha mihadhara yake. Alisema kwa kusitasita. Kila mara alisimama kutafuta tarakimu katika kijitabu. Alikosea hesabu ubaoni. Na wanafunzi walihisi kwamba somo lile linamchosha yeye kama linavyowachosha wao. Wakapungua mmoja mmoja, hata wakabaki watatu, Planck akiwa mmoja wao. Kirchhoff alikuwa kinyume chake. Kila neno lilikuwa mahali pake, halikuzidi wala halikupungua. Lakini maneno yale yalisikika kama kitu kilichokaririwa, makavu, ya sauti moja tangu mwanzo hata mwisho. Wanafunzi walimstahi msemaji, si aliyoyasema.

Tazameni ubora wa ushahidi huo. Hasemi kwamba Helmholtz hafai. Hasemi kwamba fizikia ya Berlin haina maana. Anasema kijitabu, anasema makosa ubaoni, anasema watatu. Mkuu wa chuo angeweza kuyashika maneno hayo akaenda kwa Helmholtz na kumwambia, bwana, tafadhali, tayarisha masomo yako. Wala Helmholtz asingekuwa na la kujibu.

Lakini je, mkuu huyo angefanyaje kama angekuwa na namba tu? Mwaka wa 1878 Kirchhoff angepata mbili kati ya tano, na Helmholtz moja, na huenda angehurumiwa. Haya, sikilizeni yaliyofuata. Planck, kwa kuwa hakushiba darasani, alitafuta mwenyewe maandishi ya Rudolf Clausius juu ya elimu ya joto, akayasoma peke yake. Mwaka wa 1879 akapata shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya jambo hilohilo. Mwaka wa 1889 akaitwa Berlin kushika mahali palipoachwa wazi na Kirchhoff aliyekuwa amekufa. Akafanya kazi karibu na Helmholtz yule yule aliyemchosha ujanani, akamheshimu kuliko karibu watu wote, na neno moja la sifa kutoka kwake likawa kwake hazina. Na lile swali lililompa Planck jina lisilosahaulika, swali la mwanga unaotolewa na kitu chenye joto, alilolijibu mwaka wa 1900 na kufungua mlango wa fizikia mpya, ni nani aliyeliuliza kwa mara ya kwanza kwa namna iliyo wazi? Ni Kirchhoff, mwaka wa 1859. Sisemi kwamba Planck alilipata katika mihadhara ile mikavu. Nasema tu kwamba katika chumba kile alikuwamo mtu mwenye swali ambalo lingehitaji miaka 41 kujibiwa, na karatasi ya alama haina mstari wa kuandika jambo kama hilo.

Wala msidhani ninawasifu walimu wachovu. Helmholtz alikosa, na wanafunzi waliotoka darasani walikuwa na haki ya kutoka. Kuwa na elimu nyingi si udhuru wa kufundisha vibaya. Ninalokana ni kwamba mtu mwenye haki ya kutoka darasani ana vile vile maarifa ya kuamua kama kilichofundishwa ni dhahabu au ni makapi.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi si wajinga, kwamba msemaji mtupu hawezi kuwadanganya, maana chema chajiuza. Kwa hao nina kisa cha mwaka wa 1970 kilichotokea Marekani. Wataalamu watatu walimchukua mwigizaji wa michezo, mtu mwenye sura ya heshima na sauti tamu, wakampa jina la Daktari Myron Fox, wakamsimamisha mbele ya kikundi cha madaktari wa akili na wengine wa kazi kama hiyo, wakasema kwamba huyu ni bingwa wa kutumia hesabu katika elimu ya tabia za watu. Mwigizaji hakujua lolote katika jambo hilo. Alikuwa amefundishwa kusema maneno yenye kupingana, maneno yasiyo na maana, na masihara mengi, na kuyasema kwa uchangamfu. Baada ya mhadhara wasikilizaji wakapewa karatasi. Wakamsifu. Wasikilizaji hao hawakuwa watoto, walikuwa watu wa shahada zao. Debe tupu lililia, nao wakacheza.

Kisa hicho ni cha kuchekesha, na huenda mtu akasema ni mchezo wa siku moja tu. Basi sikieni cha pili, ambacho hakichekeshi. Katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, huko Colorado Springs, wanafunzi hawachagui mwalimu. Hugawanywa kama karata, na wote hufanya mtihani mmoja. Kwa hiyo ni mahali pema pa kupimia. Wanauchumi wawili, Carrell na West, walichungua habari za wanafunzi zaidi ya 10,000 waliopita hapo, wakaandika matokeo mwaka wa 2010. Walimu waliowawezesha wanafunzi kupata alama kubwa katika somo la kwanza la hesabu walipendwa, wakapewa namba za juu. Lakini wanafunzi hao hao, walipoingia katika masomo yanayofuata, yale yanayojengwa juu ya lile la kwanza, walifanya vibaya kuliko wenzao. Wenzao walikuwa wamefundishwa na walimu wenye uzoefu zaidi, ambao hawakusifiwa sana. Wale wa kwanza walifundishwa mtihani. Hawa wa pili walifundishwa hesabu. Mwisho wa mwaka wa kwanza, nani angeweza kuiona tofauti hiyo? Mwanafunzi hakuweza. Alikuwa na alama nzuri mkononi na mwalimu mwema moyoni, na deni lake lilikuwa bado halijaiva.

Tena huko Harvard, mwaka wa 2019, ilitangazwa habari ya madarasa ya fizikia ambamo baadhi ya wanafunzi walisikiliza mhadhara laini na wengine walilazimishwa kuhangaika na maswali wenyewe. Waliohangaika walijifunza zaidi, mtihani ulionyesha hivyo. Lakini walipoulizwa walidhani wamejifunza kidogo kuliko wale wengine. Jambo hili halinishangazi. Mwenye kulima huona jasho kabla ya kuona mahindi.

Kwa nini basi nikachagua historia ya sayansi? Kwa sababu ndilo somo ambalo jasho lake huonekana halina shamba. Halimpi mwanafunzi kanuni ya kutumia kesho, wala halimwandai kwa kazi yoyote yenye jina. Hapo chuo kinapotaka kubana matumizi, na namba za wanafunzi zikiwa za wastani, somo hilo hushikwa shingo kwanza. Nami nataka kuwaonyesha kinachopotea.

James Conant, mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka wa 1933 hata 1953, alikuwa mwanakemia, na wakati wa vita alishiriki katika kazi iliyozaa bomu la atomiki. Vita vilipokwisha aliona kwamba raia wa kawaida, mwanasheria, mfanyabiashara, mbunge, atatakiwa kuamua juu ya mambo ya sayansi bila kuwa mwanasayansi. Akaanzisha somo kwa ajili ya watu hao. Hakuwafundisha fizikia ya kisasa. Aliwarudisha nyuma, kwa Robert Boyle na pampu yake ya hewa, na kwa watu wa karne ya 18 walioamini kwamba kitu kinapoungua hutoa kitu fulani kilichojificha ndani yake. Aliwaonyesha jinsi imani hiyo ilivyokuwa na sababu nzuri, na jinsi ilivyoanguka hata hivyo. Mwaka wa 1947 alimwita kijana aliyekuwa akimalizia udaktari wa fizikia, Thomas Kuhn, amsaidie. Kuhn, katika kutayarisha somo, akaanza kusoma aliyoyaandika Aristotle juu ya mwendo wa vitu. Mwanzo aliona upuuzi mtupu. Alijiuliza itakuwaje mtu mwenye akili kubwa namna ile, aliyeandika mambo ya maana juu ya wanyama na juu ya siasa, awe mpumbavu katika jambo hili moja. Akaendelea kusoma, mpaka siku moja akafahamu kwamba Aristotle hakuwa mpumbavu. Alikuwa akijibu maswali mengine, na neno mwendo kwake lilikuwa na maana nyingine. Kutokana na hapo kikaja kitabu cha mwaka wa 1962 juu ya mapinduzi katika sayansi, ambacho hakuna chuo kikuu kisichokijua.

(Harvard haikumpa Kuhn kazi ya kudumu. Mwaka wa 1956 akaenda California. Nalisema hili ili msidhani kwamba nawakimbia wanafunzi nikawasujudia wazee. Wazee nao wana kamati zao.)

Basi mazoezi ya somo hilo ndiyo hayo: kukutana na fikira inayoonekana ya kijinga, kujizuia usicheke, na kuuliza huenda mwenzangu ameona nini. Mnaona kwamba halitapata tano kati ya tano mwezi wa mwisho wa muhula. Kwa muda wote huo mwanafunzi amekuwa akihisi ardhi inatikisika. Lakini kama mnataka kujua thamani ya mazoezi hayo, hatuna haja ya kwenda mbali. Na tuvuke tu mpaka, twende Tanganyika.

Mwaka wa 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi jokofuni ilikuwa haba, na Mpemba, asije akaikosa, akayaweka ya kwake yakiwa ya moto. Mwenzake aliweka yake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, huko Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, lakini si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile darasa zima lilipata wimbo: kila alipokosea, hesabu iliitwa hesabu ya Mpemba.

Hatimaye akaja shuleni Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua maji ya kadiri moja katika vyombo viwili vinavyofanana, moja yakiwa nyuzi 35 na mengine nyuzi 100, ukayaweka jokofuni, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka, wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakucheka. Alisema hajui, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio, na fundi akaja na habari kwamba ni kweli ya moto yametangulia, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jawabu lililo sahihi! Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja katika jarida la kufundishia fizikia, na jina la Mpemba likaingia katika elimu. Ubishi haujakwisha, mwaka wa 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuuona ushahidi wa kuwatosha. Na waendelee kupima.

Sasa mpinzani wangu ataruka: si umejikata mwenyewe? Mwanafunzi ndiye aliyejua, na walimu ndio waliokosa. Naam, walimu walikosa, na makosa yao yalikuwa mabaya. Lakini nitazamieni darasa lile. Kama siku hiyo pale Mkwawa ingepitishwa karatasi, wengi wangesema nini? Wengi walikuwa upande wa kicheko. Twasema wengi wape. Ni neno la busara katika kugawana viti vya baraza, lakini halimgandishi mtu maziwa. Mpemba hakumshinda mwalimu kwa kumpa moja kati ya tano. Alimshinda kwa swali lenye vyombo viwili, kadiri moja ya maji na nyuzi mbili zilizotajwa, swali ambalo mtu yeyote mwenye jokofu angeweza kulijaribu. Huo ulikuwa ushahidi, kama wa Planck ulivyokuwa ushahidi.

Na liko jambo linalonichoma zaidi. Kwamba maji yaliyopashwa moto huganda upesi si habari iliyoanza Magamba. Aristotle aliiandika zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Francis Bacon aliigusa mwaka wa 1620, na Descartes mwaka wa 1637. Jambo lililowashughulisha watu watatu wa namna hiyo liliitwa fizikia ya Mpemba! Mwalimu aliyepitia historia ya sayansi hangelazimika hata kuyakumbuka majina hayo. Ingetosha kama angekuwa amezoezwa kuwaona wenye elimu wakicheka mapema mno, kama walivyomcheka Alfred Wegener aliposema mwaka wa 1912 kwamba mabara huachana, sisi ambao tunakaa ukingoni mwa Bonde la Ufa tukiwa mashahidi wake. Lile somo linaloitwa ngano za wafu lingemwokoa mtoto mmoja aliye hai na fedheha ya miaka.

Nimeambiwa pia kwamba wingi wa maoni huondoa chuki za mtu mmoja mmoja. Huziondoa chuki za mmoja mmoja. Zile tulizo nazo sote huzikusanya. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka wa 2015, wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, walifundisha kwa njia ya kompyuta ambako wanafunzi hawakuwaona nyuso, nao wakabadilishana majina kwa baadhi ya vikundi. Kazi zilirudishwa kwa wanafunzi kwa wakati ule ule. Walioamini kwamba mwalimu wao ni mwanamume walimpa 4.35 kwa wepesi wa kurudisha kazi. Walioamini ni mwanamke walimpa 3.55. Tarehe haina jinsia, lakini namba ilikuwa nayo. Wasichana mnaosoma hapa, mkumbuke hesabu hiyo siku mtakapokuwa ninyi wenye kusimama mbele ya ubao.

Yawezekana mhadhiri mvivu amefika hapa akapiga makofi. Namwomba ayaache. Katika vyuo vyetu wako wanaoingia darasani wiki ya nne ya muhula. Wako wanaosoma karatasi zilizogeuka rangi kwa uzee. Na ni nani asiyejua kilio cha alama zilizopotea, mwanafunzi amefanya mtihani, amelipa karo ambayo nyumbani iliuzwa ng'ombe ili ipatikane, kisha anaambiwa alama zake hazionekani na mahafali yanampita? Katika mambo hayo neno la mwanafunzi lingekuwa na nguvu za faini ya Bologna. Aulizwe: mwalimu alianza kengele ilipolia? Sauti yake ilifika nyuma? Aliliendea jambo gumu au alilikwepa? Alirudisha kazi zako, na siku ngapi zilikuwa zimepita? Ulipouliza swali alilijaribu, au alikucheka? Naye akijibu, aamini kwamba kuna mtu atakayesoma na kutenda. Leo huulizwa kama alipendezwa, akajibu, na karatasi ikaenda ikageuka namba, na mhadhiri wa wiki ya nne, akiwa ni mtu wa masihara na mtihani mwepesi, akapata tano.

Lililobaki, yaani kama somo lilikuwa na faida, liulizwe kwa wakati wake. Karatasi ya pili ipelekwe baada ya miaka miwili au mitatu, kwa wanafunzi wale wale, wakiwa katika masomo yanayofuata au wakiwa kazini, nayo iwe na swali moja: ni kitu gani ulichofundishwa mwaka ule ambacho umekitumia tangu hapo bila kukumbushwa na mtu? Nimepata kusikia ikijibiwa kwamba hilo ni ghali, na kwamba wanafunzi wakiisha kutoka hutawanyika, hawapatikani. Lakini siku chuo kinapotaka michango ya kujenga ukumbi mpya, barua huwafikia wote.